Kukata na kuchonga mawe ghafi kabla ya kuyatia pipani: mwongozo kamili kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Aliyewahi kusimama karibu na karasha kule Chunya anaijua kelele yake. Pipa la chuma linazunguka, mipira ya chuma inapanda na kuanguka ndani yake, na jiwe la dhahabu linatoka likiwa unga. Pipa la kung'arishia mawe ni ndugu mpole wa mtambo huo. Nalo linazunguka, ila polepole, halina mipira ya chuma, na mawe yake hayaangukiani. Yanateleza moja juu ya jingine ndani ya maji na unga mkali (punje ngumu za kusugulia), wiki baada ya wiki, mpaka yanang'aa.

Wengi wanaoanza huliamini mno pipa. Wanaokota mawe njiani, wanayatumbukiza kama yalivyo, wanalipa umeme wa mwezi mzima, halafu wanatoa mawe yanayong'aa upande mmoja na yenye mashimo upande wa pili. Pipa halina macho. Linasugua kilichojitokeza tu. Bonde lililo katikati ya jiwe halilifikii, ufa haliuzibi, na kona iliyochongoka litahangaika nayo wiki nne wakati diski ingeiondoa kwa dakika mbili. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya mezani, ile inayotangulia pipa.

Jiwe gani linafaa

Anza na kwatzi. Ni ngumu, ipo tele, na ukiiharibu hujapoteza kitu. Kwenye mashimo ya dhahabu ya Chunya, ambako watu wamechimba tangu miaka ya 1920, dhahabu yenyewe hukaa ndani ya mishipa ya kwatzi, kwa hiyo mawe meupe yasiyo na thamani kwa mchimbaji yamelala kwenye vifusi. Omba kwa mwenye eneo, usijichukulie. Chagua vipande vilivyovunjwa kwa nyundo tu, usiguse marudio (mchanga unaobaki baada ya jiwe kusagwa na kuoshwa) wala chochote kilichopita kwenye mwalo (mahali pa kuoshea dhahabu), maana huko kuna zebaki. Kipande chenye punje za njano zinazometa kama shaba kiache pia. Hizo punje si dhahabu, na ndani ya pipa hung'oka na kuacha vishimo, zikibaki huleta kutu.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Kwatzi ni 7, kioo ni kama 5.5, msumari wa kawaida unakaribia hapo hapo, na mawe ya jamii ya chokaa ni 3. Huhitaji maabara. Chukua kipande cha chupa na msumari. Jiwe likikwaruza chupa na msumari usiliache hata alama, hilo ni gumu. Msumari ukichora mstari unaoingia ndani, hilo ni laini. Ukiwa na shaka zaidi dondoshea ndimu au siki: jiwe la chokaa litatoa povu.

Kipimo hiki nilikidharau mwanzoni. Nilipata mabaki ya jiwe la Songwe, lile la rangi ya krimu lenye mistari ya kahawia linalokatwa kuwa mabamba ya sakafu, nikalichanganya na kwatzi kwenye pipa moja kwa sababu rangi zilipendeza pamoja. Siku ya saba nilifungua nikakuta uji mweupe. Kwatzi ilikuwa salama kabisa, lakini Songwe yangu ilikuwa imebaki punje kama maharage. Jiwe laini lina pipa lake na ratiba yake, halilali kitanda kimoja na kwatzi.

Mawe meusi ya Rungwe yanavutia macho, lakini yatazame kwa karibu. Mengi ni mawe ya volkano yenye matundu ya hewa, na kila tundu ni ghala la unga mkali litakaloharibu hatua ya mwisho. Yale mepesi kama sifongo hayafai kabisa. Yale mazito, yaliyoshikamana, yanaweza kukupa wororo mzuri bila mng'ao wa kioo, ukiridhika na hilo.

Na kama uko Kyela, nenda Matema. Ziwa Nyasa limekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Changarawe za ufukweni zimeviringwa na mawimbi kwa miaka isiyohesabika, na nyingi zinaingia pipani bila kukatwa. Hata mito ya Iringa kama Ruaha Mdogo inayo mawe ya namna hiyo kiangazi maji yanapopungua.

Mahali pa kutogusa ni Isimila, ng'ambo kidogo ya mji wa Iringa. Jiwe lililo chini pale huenda lilichongwa na mtu wa kale, na linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kimondo cha Mbozi ni hivyo hivyo. Tena ni chuma, usingelipeleka popote. Kuhusu madini kwa jumla, Sheria ya Madini ya 2010 inataka leseni kwa anayechimba na anayefanya biashara. Ukifika mahali pa kuuza, hata kama ni hereni za kwatzi tu, pita kwanza kwenye Ofisi ya Afisa Madini Mkazi uulize.

Lisome jiwe kabla ya kuligusa

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo mimi hutumia muda mwingi kuliko kwenye msumeno.

Osha mawe yote kwa brashi ngumu na sabuni. Yaloweke usiku kucha. Asubuhi yatoe, yapange juani kwenye turubai, ukae nayo kwa kama robo saa. Uso wa jiwe utakauka upesi, lakini ufa umekunywa maji, kwa hiyo utabaki mstari mweusi wakati pembeni pamekwisha kuwa peupe. Chukua penseli ya fundi seremala upitishe juu ya kila mstari unaouona. Maji ya msumeno yatafuta chaki, penseli itabaki.

Kisha gonga jiwe moja kwa jingine, polepole, karibu na sikio. Jiwe zima hulia kama kigae cha chungu kizuri. Lenye ufa ndani hutoa sauti iliyokufa. Akina mama wanaouza vyungu vya Kikisi hapo Matema hufanya hivyo hivyo kwa vidole, na hukuambia bei baada ya kusikia.

Baada ya hapo amua mambo matatu kwa kila jiwe: nini kinatupwa, wapi nyufa zinapita, na kipande kikubwa kilicho kizima kitatoka upande gani. Usikate ukipingana na ufa. Kata ukiufuata, kwa sababu jiwe litapasuka pale hata hivyo, afadhali lipasuke mezani kwako kuliko ndani ya pipa ambako kipande chake chenye makali kitakwaruza wenzake wote. Mimi katika ndoo moja ya mawe ghafi hubaki na chini ya nusu. Iliniuma sana mwanzoni, siku hizi natupa yasiyofaa bila kuwaza.

Vifaa

Mashine ya kukatia tailizi, ile ya mezani yenye beseni la maji chini, ndiyo msingi. Mafundi wa tailizi wengi wa mjini wanayo, na hukodisha siku ambayo hawana kazi. Diski iwe ya almasi yenye ukingo mzima, usiokatwakatwa. Ile yenye mapengo ni ya zege na inabomoa kona za jiwe. Kipenyo cha milimita 180 kinatosha kazi zetu zote.

Grainda ya mkononi ni chaguo la mwisho, na kwa kwatzi si chaguo kabisa. Najua ndiyo iliyo nyumbani. Lakini inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, haina beseni la maji, na vumbi lake ndilo hatari kubwa kuliko makali yake. Vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki. Huleta silikosi, ugonjwa unaokausha mapafu na usio na tiba, na hao wachimbaji tunaowaona wakikohoa huko machimboni wengine ni wagonjwa wake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kwamba kwatzi haikatwi kavu. Hata "mara moja tu". Na usimwagie maji grainda ya kawaida ukiwa umeishika, umeme na maji havina urafiki.

Vingine: miwani ya kinga inayofunika pembeni, barakoa yenye kichujio cha vumbi (ya kitambaa haisaidii), vizibo vya masikio, aproni ya plastiki, gambuti. Glavu za kitambaa usivae karibu na diski inayozunguka, zikinaswa zinaondoka na kidole. Nyundo ya kilo moja, tindo, jiliwa iliyofungwa imara kwenye meza, gunia nene. Soketi unayochomeka mashine iwe na ethi na swichi inayojikata umeme ukivuja. Fundi umeme atakufungia kwa saa moja.

Nyundo kwanza

Jiwe kubwa kama kichwa halipelekwi kwenye msumeno. Lipunguze kwa nyundo mpaka liwe la ngumi.

Lifunge kwenye gunia ili vipande visiruke, uliweke juu ya ardhi ya udongo badala ya sakafu ya saruji, ulipige. Waangalie wapasua kokoto: hawapigi kwa hasira. Wanaligeuza jiwe mara tatu nne, wanatafuta mahali linapotaka kufunguka, kisha pigo moja. Jambo moja tu usiwaige, nalo ni kuwasha moto juu ya mwamba ili upasuke. Kwa kokoto ni sawa. Kwa kazi yetu moto huacha nyufa ndogondogo kila mahali, na utaziona zote jiwe litakapong'aa.

Ukitaka kuondoa kona moja bila kuvunja jiwe zima, tumia akili ya mafundi wa Isimila. Tafuta ukingo ambao nyuso mbili za jiwe zinakutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90, upige ndani kidogo ya ukingo huo, nyundo ikielekea chini na nje. Kibanzi kitaruka upande wa chini. Pembe ikizidi nyuzi 90 nguvu yote inaingia ndani ya jiwe, na unachopata ni ufa mpya. Vaa miwani hata kwa kibanzi kimoja, maana kingo za kwatzi ni wembe.

Msumeno

Jaza beseni mpaka ukingo wa chini wa diski uzame. Washa, subiri uone diski imelowa na inarusha maji. Kama hairushi, zima uongeze maji.

Tatizo la jiwe ghafi ni kwamba halina kitako. Tailizi imelala bapa juu ya meza, jiwe linayumba, na likiyumba diski inalishika na kulirusha au inapinda. Kwa hiyo mkato wa kwanza una kazi moja tu, kulipa jiwe uso mmoja bapa. Tafuta upande ambao jiwe linakaa lenyewe bila kucheza. Kama haupo, chonga kabari mbili za mbao ulitegeshe, au, hii ndiyo ninayoipenda, lizike nusu ndani ya saruji laini kwenye kopo la siagi la mraba. Likikauka kesho yake una tofali dogo lenye jiwe ndani, linakaa mezani kama limezaliwa hapo. Saruji inakatika pamoja na jiwe na huanguka yenyewe baadaye kwa nyundo ndogo.

Sasa sukuma. Polepole kuliko unavyofikiri. Fundi wa tailizi aliyenifundisha pale Mwanjelwa alinitazama dakika chache, akanizimia mashine. "Mwanangu, unaisukuma kama toroli. Iache ile yenyewe, wewe mpelekee tu chakula." Sikio litakuongoza: mlio wa mota ukishuka na kuwa mzito, umesukuma sana, rudi nyuma kidogo. Kwa kwatzi, sentimita moja nisiimalize chini ya dakika. Mikono yote miwili ishike jiwe, vidole viwe pembeni, kamwe visiwe kwenye mstari wa diski. Kipande kilicho kidogo kuliko kiberiti usikishike kwa mkono, kibane kati ya vipande viwili vya mbao na usukume mbao. Na usigeuze jiwe likiwa ndani ya mkato hata kidogo, mkato wa diski ni mstari mnyoofu tu.

Diski ya milimita 180 hujitokeza juu ya meza kama sentimita 3. Jiwe nene kuliko hapo likate nusu, zima mashine, ligeuze, ukutane na mkato upande wa pili. Ukikaribia mwisho punguza nguvu karibu na sifuri, la sivyo kipande kitavunjika chenyewe na kuacha mwiba pembeni ambao utakuja kuuondoa kwa jasho.

Siku ikifika diski haikati tena, unasukuma na inatoa cheche au joto bila kwenda mbele, usikimbilie dukani. Kwatzi imeisugua mpaka chuma kimefunika punje za almasi. Ikatishe mara tano sita ndani ya tofali la kuchoma lililo laini, huku maji yakiwepo. Tofali linakula chuma, almasi zinachomoza, na diski inaanza upya.

Neno moja kuhusu Juni na Julai. Maji ya beseni asubuhi ya Mbeya hufanya vidole vife ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi havijui viko wapi. Katika miezi hiyo mimi huanza saa nne, jua likishakuwa kali.

Kulipa jiwe umbo

Usitafute mraba mzuri. Umbo linalopendwa na pipa ni la kiazi mbatata: hakuna bonde, hakuna mkia, hakuna ncha. Ukikata mchemraba una kona nane na kila moja italigharimu pipa siku kadhaa, kwa hiyo zirudie zote kwenye msumeno, kibanzi kidogo kwa kila kona. Inachukua dakika tano. Kisha kingo zilizobaki zipunguze kwa kuligusisha jiwe kwenye ukingo wa diski kwa wepesi. Uso wa ubavu wa diski usiutumie kusagia, haukutengenezwa kwa hilo na utaipinda.

Mwenye grainda ya mezani yenye jiwe la kinoo anaweza kusaga kona hapo, mradi jiwe lenyewe la kinoo liwe la silikoni kabaidi, ambalo mara nyingi ni la kijani. La kijivu la kunolea vyuma halifai kwa kwatzi. Chovya jiwe lako kwenye maji kila baada ya sekunde chache, uendelee kuvaa barakoa.

Mabonde ndiyo mtihani wa kweli. Kama ncha ya kidole kidogo inaingia kwenye shimo na haigusi chini, usijidanganye kwamba pipa litalimaliza. Una njia mbili: kata jiwe katikati ya shimo ili shimo liwe ukingo, kisha saga ukingo, au tupa. Mstari wa udongo mwekundu ulioingia ndani nao uukate wote, kwa sababu unang'arika vibaya na kumomonyoka.

Ukitaka mabamba kwa ajili ya mikufu, unene usipungue milimita 7. Chini ya hapo kingo hubanduka. Alama za msumeno zikiwa ndefu kama matuta, zisugue kwanza kwa mkono juu ya kioo kinene chenye maji na unga mkali namba 60/90 (ule wa punje kubwa, wa hatua ya kwanza), ukizungusha kama unasaga kunde, mpaka matuta yaishe.

Kupanga na kujaza

Pipa la mawe sawasawa yote halisugui vizuri. Kwa pipa dogo la kilo 1.4, weka mawe mawili au matatu ya sentimita 3.5 hadi 4, mengi ya sentimita 2 hivi, na konzi mbili za vijiwe vya chini ya sentimita moja. Hivi vidogo ndivyo vinavyopeleka unga kwenye sehemu ambazo makubwa hayafiki, na ndivyo vinavyozuia mabamba kushikana bapa kwa bapa kama chapati zilizorundikwa zikiwa moto. Changarawe ya Matema ni nzuri kwa kazi hii, ukiisha kuipima kwa chupa na msumari.

Jaza mpaka theluthi mbili ya pipa, au robo tatu. Likiwa tupu mno mawe yataangukiana na kujipasua, likijaa hayatembei. Vijiko vinne vya chakula vya unga namba 60/90, maji mpaka chini kidogo ya mawe ya juu, funga, zungusha siku 7.

Siku ya saba mwaga tope kwenye shimo ulilochimba nje. Kamwe usilimwage kwenye sinki wala choo, linaganda bombani kama saruji na fundi bomba atakuja na msumeno wake. Osha mawe, yakaushe juani, kisha rudia ule mchezo wa penseli. Utaona nyufa mpya ambazo makunyanzi yalikuwa yameficha. Haya yenye nyufa yarudi kwenye msumeno, sio pipani. Yenye vishimo vidogo yarudi kwa wiki nyingine na unga mpya namba ile ile. Yaliyo safi kila upande yawekwe pembeni kwenye kopo lenye kifuniko yakisubiri wenzake, mpaka uwe na pipa zima la kupeleka hatua ya pili, yaani unga laini zaidi wa namba 120/220. Kopo langu la sasa lina mawe kumi na moja, na nililianza mwezi wa tatu.